Nia ya Waasisi na Muradi wa Maneno: Uhakiki wa Namna ya Kuisoma Katiba ya Marekani

Kila aliyepata kushika mswada wa utenzi wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu anaijua taabu ya swali hili: yule aliyeyaandika maneno haya aliyakusudia nini? Mwandishi amekwisha kufa, na waliomsikiliza wamekwisha kufa. Lugha nayo imeendelea na safari yake. Maneno mengine imeyaacha nyuma, na mengine imeyachukua lakini imeyageuza maana. Msomaji hana budi kuchagua, na mwenye elimu hachagui ila baada ya kuupima ushahidi. Akikosea, wenzake watamsahihisha katika toleo lijalo, wala hapana mtu atakayedhurika.

Swali hilohilo huulizwa katika mahakama za Marekani, ila huko jibu lake humtoa mtu gerezani au humtia, na humpa mtu uraia au humnyima. Katiba ya nchi hiyo iliandikwa mjini Philadelphia mwaka 1787, nayo ingali inatumika, pamoja na marekebisho 27 yaliyoongezwa baadaye. Wako wanasheria wengi, na baadhi yao ni majaji wa Mahakama ya Juu, washikao kwamba Katiba haina budi kusomwa kama ilivyokusudiwa au kama ilivyofahamika siku ilipokubaliwa, wala si vinginevyo. Hudai kwamba kwa njia hiyo jaji huigundua sheria iliyokwisha kuwapo, hali wapinzani wao huitunga.

Katika makala haya nakusudia kuyapima madai hayo kwa kipimo cha mwanalugha. Hoja yangu ni hii: watu wa madhehebu haya wameichukua kazi ya mwanalugha, lakini wameiacha sharti yake. Mwanalugha aruhusiwa kusema kwamba ushahidi hautoshi, kisha akaliacha swali wazi. Jaji hana ruhusa hiyo, kwa kuwa wenye kesi wamesimama mbele yake nao wataka hukumu. Kwa hiyo pale ushahidi unapokwisha, jaji huendelea kwa hiari yake. Kuendelea huko si kosa. Kosa ni kuendelea huku akisema kwamba bado anaongozwa na ushahidi.

I. Nia ya nani?

Tuanze na neno nia. Nia ni jambo la moyoni, na kila moyo una mwenyewe. Utenzi kwa kawaida una mtungaji mmoja, lakini Katiba ya Marekani ilitungwa na mkutano. Wajumbe 55 walihudhuria kwa nyakati mbalimbali, kutoka majimbo 12, maana jimbo la Rhode Island halikumtuma mjumbe hata mmoja. Tarehe 17 Septemba 1787 wajumbe 39 walitia sahihi. Watatu waliokuwapo siku ile, yaani George Mason, Elbridge Gerry na Edmund Randolph, walikataa. Na huyu Randolph mwaka uliofuata aliitetea Katiba hiyohiyo katika mkutano wa jimbo lake la Virginia. Atakayeitafuta nia ya waasisi atamweka wapi Randolph?

Zaidi ya hayo, mkutano ulifanywa kwa siri. Kumbukumbu zilizo kamili kuliko zote ni zile za James Madison, nazo zilichapishwa mwaka 1840, miaka minne baada ya kufa kwake, na zaidi ya miaka 50 baada ya mkutano wenyewe. Uchunguzi wa miswada yake, hasa ule alioutoa Mary Sarah Bilder mwaka 2015, umeonyesha kwamba Madison aliendelea kuzisahihisha kumbukumbu hizo kwa miaka mingi. Mtu aliyezoea kazi ya miswada atautambua mara moja uzito wa jambo hili. Tuliyo nayo si sauti ya mkutano; ni sauti ya mtu mmoja akiukumbuka mkutano, tena akijisahihisha kadiri mambo ya siasa yalivyozidi kumbadilikia.

Madison mwenyewe hakudai makubwa. Mwaka 1796, palipozuka mabishano Bungeni juu ya mkataba na Uingereza, alisema kwamba ikiwa lazima maana itafutwe nje ya maandishi yenyewe, basi isitafutwe Philadelphia, bali katika mikutano ya majimbo iliyoikubali Katiba, kwa kuwa huko ndiko ilikopewa uhai. Mwaka 1821 aliandika tena katika barua kwamba mijadala ile ya wajumbe haiwezi kuwa na mamlaka ya kuifasiri Katiba. Basi mtu aliyekuwa na hazina kubwa kuliko wote ya nia za waasisi ndiye aliyekataa kuifanya hazina hiyo kuwa sheria.

Lakini tukihamia katika mikutano ya majimbo, hatari ya wingi yaongezeka. Massachusetts iliikubali Katiba kwa kura 187 dhidi ya 168, Virginia kwa kura 89 dhidi ya 79, na New York kwa kura 30 dhidi ya 27. Katika waliokubali, wako walioridhika na maandishi, na wako walioridhika kwa ahadi tu kwamba maandishi yatarekebishwa upesi. Mtu aweza kuhesabu kura zao. Nia zao hazihesabiki.

Hayo yote yalielezwa vema katika mabishano ya miaka ya 1980. Jina ambalo madhehebu haya yajulikana kwalo katika Kiingereza lilianzishwa na mpinzani wao, Paul Brest, mwaka 1980. Mwaka 1985 Edwin Meese, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Reagan, aliwataka majaji wairudie nia ya waasisi, naye Jaji William Brennan alimjibu mwaka uleule kwamba kudai kuijua nia hiyo toka mbali hivi ni kiburi kilichovikwa nguo ya unyenyekevu. Mwaka huohuo H. Jefferson Powell alitoa utafiti ulioonyesha kwamba wale waasisi hawakutazamia kufasiriwa kwa njia ya kuchimbua yaliyokuwa mioyoni mwao. Baada ya mapigo hayo madhehebu yalihamisha hema. Jaji Antonin Scalia, aliyekaa katika Mahakama ya Juu tangu 1986 mpaka kufa kwake mwaka 2016, aliwafundisha wenzake waiache nia ya watungaji na kuitafuta maana ambayo maneno yalikuwa nayo kwa watu wote wa siku zile. Kwa maneno yetu twaweza kusema kwamba waliiacha nia ya msemaji wakashika muradi wa maneno. Hapo ndipo walipoingia katika uwanja wa mwanalugha, na hapo ndipo tuwangojeapo.

II. Neno na umri wake

Hoja yao ya kwanza ni ya haki, nasi hatuna budi kuikubali. Maneno huhama. Ibara ya nne ya Katiba yaahidi kwamba serikali ya muungano italilinda kila jimbo, likiomba msaada, dhidi ya ghasia za ndani. Maneno mawili ya Kiingereza yaliyotumiwa pale ndiyo yayo hayo ambayo Mmarekani wa leo huyatumia kwa ukatili wa nyumbani, mume kumpiga mkewe na mfano wa hayo. Mwaka 1787 yalikuwa na maana ya uasi katika jimbo, na wajumbe walikuwa wametoka tu kusikia habari za wakulima wa Massachusetts walioshika silaha mwaka 1786 na 1787 wakiongozwa na Daniel Shays. Atakayeisoma ibara hiyo kwa Kiingereza cha leo atadhani kwamba waasisi waliahidi kutuma majeshi kuamua ugomvi wa mke na mume.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali ili kuusadiki ukweli huu. Neno siasa lilikuwa na maana ya upole na busara ya kusema na watu, na maana hiyo haijatoweka kabisa, ingawa mambo ya vyama na serikali yamelitwaa neno lote. Neno muungwana, katika maandishi ya zamani ya pwani, lilimtaja mtu huru asiye mtumwa. Leo humtaja mtu mwenye adabu, awe mtoto wa nani. Tutie mfano wa hati ya karne ya 19 inayotaka ushahidi wa waungwana wawili. Msomaji wa leo atakayedhani kwamba hati yataka watu wawili wenye tabia njema atakuwa ameifuta tofauti ya mtumwa na huru, ambayo ndiyo iliyoushikilia mji mzima uliozaa hati ile. Usomaji wake ni wa upole kuliko hati, lakini si usomaji wa hati.

Kwa hiyo hatuwezi kumkubali mtu asemaye kwamba maana ya zamani haituhusu. Kama sheria ingekuwa ikibadilika kila neno linapohama, sheria zingebadilishwa na mazungumzo ya sokoni bila mtu kupiga kura. Swali linalobaki ni hili: maana ya zamani ikisha kupatikana, kazi ya msomaji imekwisha au ndiyo kwanza yaanza?

III. Hukumu ya mwaka 1857

Katiba ya 1787 haina neno mtumwa wala neno utumwa. Palipotakiwa kuwataja watumwa, pamesemwa watu wengine, au watu walioshikwa kwa utumishi au kazi, au watu ambao majimbo yataona yafaa kuwaingiza. Neno utumwa liliingia katika maandishi yale mara ya kwanza mwaka 1865, katika Marekebisho ya 13, yaani liliingia siku ya kukomeshwa kwake. Kunyamaza huko hakukuwa kwa kusahau. Kumbukumbu za Madison zaonyesha kwamba mwezi Agosti 1787 alisema si vema kutia katika Katiba wazo kwamba mtu aweza kuwa mali ya mtu. Lakini wenye watumwa nao waliukubali mficho huo, kwa kuwa faida zao zilihifadhiwa katika maneno yaleyale yaliyoificha aibu. Hapa twaona jambo ambalo watafutaji wa nia hulisahau. Mara nyingi watu hukubaliana juu ya maneno kwa sababu hawakubaliani juu ya nia, na maneno hukubalika hasa kwa kuwa hayamlazimishi yeyote kuyafunua ya moyoni.

Dred Scott alizaliwa mtumwa Virginia. Bwana wake alimchukua akakaa naye Illinois, na tena Fort Snelling, mahali palipokatazwa utumwa. Mwaka 1846 Scott alifungua kesi mjini St. Louis kudai uhuru wake, na baada ya miaka 11 kesi yake ilihukumiwa na Mahakama ya Juu, tarehe 6 Machi 1857. Jaji Mkuu Roger Taney, akiungwa mkono na wenzake sita kati ya wanane, aliamua kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa Marekani. Njia aliyoifuata ndiyo tunayoichunguza hapa. Alisema kwamba maneno ya Katiba lazima yabaki na maana waliyokuwa nayo yalipotoka mikononi mwa waasisi, na kwamba waasisi hawakumhesabu mtu mweusi katika watu waliotajwa pale. Alikiri kwamba mawazo ya watu huenda yamebadilika, lakini akakana kuwa na mamlaka ya kuyafuata.

Wengi huishutumu hukumu hiyo kwa ukatili wake, nao wana haki. Mhakiki wa lugha ana jambo jingine la kuongeza, nalo ni kwamba haikuwa kweli hata kwa kipimo chake yenyewe. Jaji Benjamin Curtis, katika maoni yake ya kupinga, alionyesha kwa sheria zilizoandikwa kwamba katika majimbo matano, yaani New Hampshire, Massachusetts, New York, New Jersey na North Carolina, watu weusi walio huru walikuwa na haki ya kura tangu kabla ya Katiba. Kama walipiga kura, walikuwa sehemu ya watu waliojiwekea Katiba. Taney alikuwa na ushahidi huo mbele yake. Aliyaita mawazo ya baadhi ya watu wa 1787 nia ya watu wote wa 1787, kisha akajificha nyuma yake. Dred Scott alipewa uhuru na mmiliki mpya mwezi Mei 1857, akafa mwaka uliofuata. Nayo hukumu yenyewe haikufutwa na usomaji bora, bali ilifutwa na vita na Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868.

Kuna msomaji mwingine wa siku zile anayestahili kutajwa na kila mwanafunzi wa ufasiri. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa akajikomboa kwa kutoroka. Kwanza alifuata mafundisho ya William Lloyd Garrison, aliyeamini kwamba Katiba ni mkataba wa watumwishaji, hata akaichoma nakala yake hadharani tarehe 4 Julai 1854. Lakini Douglass alikuwa amekwisha kugeuka mwaka 1851. Katika hotuba aliyoitoa Glasgow mwezi Machi 1860 alishika njia ngumu zaidi: alisema kwamba tusomacho ni maandishi, wala si siri za walioyaandika. Milango ya mkutano ilifungwa, watu hawakuonyeshwa mijadala, nao walipiga kura juu ya karatasi tu. Ikiwa wenye watumwa walitaka sheria iwalinde, ilikuwa juu yao kuandika hivyo waziwazi. Na kwa kuwa waliona haya kuandika, wasije leo kudai kile walichoona haya kukisema.

Si lazima tukubali kila hatua ya Douglass. Ibara ya kumrudisha mtoro ilifahamika vema kwa waliokuwa wakiisoma, na kuikana maana yake kwahitaji ujasiri kuliko ushahidi. Lakini tazama jinsi Taney na Douglass wanavyokutana: wote wawili walidai kwamba wanaifuata Katiba ilivyoandikwa mwaka 1787, na mmoja alifika utumwani, mwingine uhuruni. Njia peke yake haikumchagulia yeyote mwisho wa safari.

IV. Maneno 27

Mtu aweza kudai kwamba hayo yalitokea kabla elimu ya lugha haijakua. Basi tutazame kesi ya siku zetu. Marekebisho ya Pili, yaliyokubaliwa mwaka 1791, yana maneno 27 kwa Kiingereza. Sehemu ya kwanza yasema kwamba mgambo uliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa dola huru. Sehemu ya pili yasema kwamba haki ya watu kuweka na kuchukua silaha isivunjwe. Tarehe 26 Juni 2008, katika kesi ya Wilaya ya Columbia na Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba haki hiyo ni ya kila mtu kwa ajili ya kujilinda, si ya walio katika mgambo tu. Hukumu iliandikwa na Scalia.

Mfasiri wa Kiswahili akifika hapa hukwama, na kukwama kwake kwafundisha. Sehemu ya kwanza kwa Kiingereza haina kitenzi kamili. Imening'inizwa mbele ya sentensi bila kiungo. Sisi tukiandika kwa kuwa mgambo ni wa lazima, tumekwisha kusema kwamba mgambo ndio sababu ya haki, na pengine ndio mpaka wake. Tukiziandika kama sentensi mbili zilizosimama kando kwa kando, tumeilegeza kamba. Muundo wa lugha yetu watulazimisha kuamua kile ambacho Kiingereza cha karne ya 18 kiliweza kukiacha bila kuamuliwa. Scalia aliamua kwamba sehemu ya kwanza ni utangulizi unaotaja kusudi tu, wala hauipunguzi sehemu ya pili. Jaji John Paul Stevens, kwa niaba ya wapinzani, aliamua kinyume. Wote wawili walikuwa wakisoma sarufi ileile.

Lipo na neno lenyewe, kuchukua silaha. Scalia alilipima kwa kamusi, miongoni mwake ile ya Samuel Johnson katika chapa ya 1773 na ile ya Noah Webster ya 1828; alikubali kwamba kifungu hicho kilikuwa na maana ya kwenda vitani, lakini akasema ni hasa kinapofuatwa na neno la kutaja adui. Mwanalugha atashuku mwendo huu mara moja. Kwa Kiswahili tukisema watu wa mji walishika silaha, hapana asikiaye kwamba kila mtu alikuwa na kisu mkononi. Asikia kwamba waliinuka kupigana, ijapokuwa adui hakutajwa. Maana ya kifungu haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yake kutoka katika kamusi.

Miaka kumi baadaye chombo kipya kilipatikana. Chuo kikuu cha Brigham Young kilitengeneza hazina ya maandishi ya zama za kuasisiwa kwa Marekani, yenye maneno zaidi ya milioni 100, inayoweza kutafutwa kwa kompyuta. Dennis Baron na wengine walikitafuta kifungu kile, wakaona kwamba katika mifano mingi mno kina maana ya kijeshi, na mifano isiyo hivyo ni michache kabisa. Huu ni ushahidi mzito kuliko kamusi. Lakini hata hapa uaminifu watutaka tuseme mpaka wake. Maandishi yaliyohifadhiwa ni zaidi ya magazeti, sheria na barua za wakubwa, watu waliokuwa wakiandika sana habari za majeshi. Usemi wa mkulima akitoka na bunduki yake asubuhi haukuandikwa. Wingi wa mifano waonyesha ni jambo gani lililoandikwa sana, wala hauthibitishi kwamba maana nyingine haikuwezekana.

Basi twaweza kuhukumu hivi: kwa jinsi ushahidi ulivyo, usomaji wa kijeshi wa kifungu kile una nguvu zaidi, na usomaji wa Scalia haujakanushwa kabisa. Mwanalugha angeandika hivyo katika tanbihi kisha akaendelea. Majaji tisa walikuwa na kumbukumbu zilezile za karne ya 18, na wote walidai kuitafuta maana ya 1791, nao waligawanyika watano kwa wanne. Mgawanyiko huo wenyewe ni ushahidi kwamba jambo jingine, zaidi ya historia ya maneno, lilikuwa likiamua. Lakini katika kurasa nyingi za pande zote mbili ni taabu kuliona likitajwa.

V. Taa ya msikiti

Nimeuliza hapo nyuma kama kazi yakwisha ikisha kupatikana maana ya zamani. Mfano wa pwani utatusaidia kujibu. Tuseme mtu wa Lamu aliweka wakfu nyumba yake zamani, akaandika kwamba kodi yake itumike kwa taa ya msikiti. Mtu huyo hakupata kuiona taa ya umeme. Je, msimamizi akinunua taa ya umeme amevunja wakfu? Hakuna kadhi ambaye angesema hivyo. Neno taa halijabadilika maana. Ni vitu vinavyoitwa taa vilivyoongezeka. Lakini kama mwenye wakfu angaliandika mafuta ya nazi kwa taa ya msikiti, shauri lingekuwa gumu zaidi, maana angalikuwa amelichagua neno finyu mahali alipoweza kutumia neno pana.

Tofauti hii, baina ya maana ya neno na vitu ambavyo watu wa kwanza walivihesabu chini ya neno hilo, ndiyo ambayo madhehebu tunayoyachunguza huichanganya mara kwa mara. Katiba ya Marekani yajua kuchagua neno finyu: yasema kwamba Rais lazima awe ametimiza umri wa miaka 35, na hapo hapana nafasi ya ufasiri. Mahali pengine yatumia neno pana: yakataza adhabu za kikatili na zisizo za kawaida, na Marekebisho ya 14 yaahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Aliyechagua neno pana, hali neno finyu lilikuwapo, amewaachia wajao kazi. Kuifuta kazi hiyo kwa kuorodhesha yale aliyoyafikiri yeye siku ile si kumtii, bali ni kumsahihisha.

Mwaka 1953 Mahakama ya Juu, ikiwa na kesi ya shule zilizobagua watoto weusi, iliwataka mawakili warudi na ushahidi wa nia ya walioandika Marekebisho ya 14. Walirudi nao kwa wingi. Bunge lile lililoahidi ulinzi sawa liliruhusu shule za ubaguzi mjini Washington kwenyewe. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa walisema kwamba historia haikati shauri, kisha wakaamua kwamba shule zilizotengwa haziwezi kuwa sawa. Naiona hukumu hiyo kuwa kielelezo cha uaminifu ninaoutetea. Ushahidi ulitafutwa kweli, ulipimwa, ukatangazwa kwamba hautoshi, na hatua iliyofuata ilichukuliwa hadharani kwa jina lake.

Kinyume chake, katika hukumu ya Dobbs ya tarehe 24 Juni 2022 iliyoondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, wengi wa majaji walitegemea sana hesabu ya sheria za majimbo zilizokuwapo mwaka 1868. Zile sheria zatuonyesha jinsi watunga sheria wa siku zile walivyolitumia neno uhuru. Hazituonyeshi kama hiyo ndiyo maana yote ya neno. Na wanawake, ambao sheria hizo ziliwahusu, hawakuhakikishiwa kura na Katiba mpaka mwaka 1920. Mtu aweza kuona kwamba uamuzi ulikuwa mwema au mbaya kwa sababu nyingine. Kwa sababu hii peke yake hautoshi.

Na madhehebu yenyewe yameanza kuisikia shida hiyo. Baada ya hukumu ya Bruen ya 2022, iliyotaka kila sheria ya silaha ipatiwe mfano katika historia, mahakama za chini zilitafuta mifano mpaka zikapotea. Mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, majaji wanane dhidi ya mmoja walikubali sheria inayomnyang'anya silaha mtu aliyezuiwa na mahakama kwa kumtishia mwenzi wake, wakisema kwamba historia hutafutiwa kanuni, si pacha wa sheria. Aliyepinga ni Jaji Clarence Thomas, mwandishi wa hukumu ya Bruen. Lakini kanuni haichimbuliwi kama chungu cha kale. Jinsi itakavyokuwa pana au finyu huamuliwa na aichimbuaye.

VI. Faida kwetu

Msomaji ataweza kuuliza haya yatuhusu nini. Yatuhusu kwa kuwa sasa twazo Katiba zinazosomwa kwa lugha yetu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 259, yaagiza ifasiriwe kwa kuyaendeleza makusudi na maadili yake, na kila sheria ihesabiwe kuwa yasema siku zote. Tena yaamua kwamba nakala za lugha mbalimbali zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Huo ni uamuzi ambao mwanalugha wa Kiswahili aweza kuusikitikia, lakini hauwezi kulaumiwa kwa kujificha. Katiba ya Tanzania ya 1977 iliandikwa kwa Kiswahili, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama za nchi hiyo. Ndani yake lingali neno ujamaa. Azimio la Arusha la 1967 lililitia neno hilo maana ya njia kuu za uchumi kuwa mikononi mwa wananchi. Fasili iliyomo katika ibara ya 151 yataja demokrasia, kujitegemea, uhuru, usawa, udugu na umoja. Jaji atakayelisoma neno hilo kesho atalisoma kwa Azimio, kwa fasili, au kwa usemi wa jamaa wa nyumba moja ulioitangulia yote miwili?

Sidai kwamba elimu ya lugha itamjibu. Itamwonyesha maana zipi ziliwezekana, mwaka gani, na kwa watu gani. Itamzuia asimfanye muungwana wa zamani kuwa mtu wa adabu tu, wala asimfanye mwenye wakfu kuwa adui wa taa ya umeme. Kwa kazi hiyo yahitajika kamusi ya Kiswahili inayotaja kila maana pamoja na mfano wake na tarehe yake, iliyokusanywa katika magazeti, hansadi, hati za wakfu, barua na tenzi, na katika usemi wa watu wasioandika. Marekani waliianza kazi kama hiyo baada ya kesi kwisha kuhukumiwa. Sisi bado tuna nafasi ya kuifanya kabla kesi hazijafika.